Mti wa Chunguni na Kalamu Nyekundu

Juzi nilisimama kwenye kitalu kimoja cha miche kando ya barabara huko Bamburi, Kisauni, nikaonyeshwa mkwaju uliopandwa katika chungu cha kina kifupi. Kimo chake hakikuzidi dhiraa moja, ilhali shina lilikuwa limekomaa na matawi yametanda mithili ya mkwaju wa uwanjani. Nikauliza iwapo ni mbegu ya kibeti. Mwenye kitalu akacheka: "La, mwalimu. Ukiutia ardhini leo, utakua kama mikwaju mingine."

Sanaa hiyo huitwa bonsai. Chimbuko lake ni Uchina, ikaja kustawishwa na Wajapani. Siri yake haimo katika mbegu bali mkononi: mizizi hupunguzwa, matawi hupogolewa, na waya huzungushwa tawini ili tawi lifuate upande autakao msanii. Hata hivyo, msanii hodari hutii masharti mawili. Huutazama mti kwanza, ajue wenyewe waelekea wapi. Kisha huuondoa waya kabla haujauma gome. Akichelewa, kovu hubaki kwa miaka mingi. Akikata mizizi kwa pupa, huambulia kuni.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nilirudi nyumbani nikiyawaza madarasa yetu. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Kimvita, lahaja aliyoitungia Muyaka bin Haji, kikawekwa kando. Sipingi kwamba upogoaji ulihitajika. Vitabu vya shule za nchi kadhaa visingeweza kuandikwa kwa lahaja kumi.

Ninalolalamikia ni waya uliosahauliwa tawini. Mtoto wa Likoni aandikapo "ndia" badala ya "njia", kalamu nyekundu humpitia kana kwamba hajui lugha. Kumbe anaijua barabara! Penye "nj" ya Kiunguja, Kimvita mara nyingi huweka "nd": njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Hiyo ni kanuni, wala si kosa. Mtoto akikemewa mara kumi kwa kanuni aliyoinyonya kwa mamake, ataacha kuandika, na pengine ataacha kusema. Hapo tumekata mzizi.

Wapo watakaosema basi lugha iachwe imee itakavyo. Nao nawapinga. Muyaka mwenyewe hakuiachia ovyo. Aliifunga kwa vina na mizani, na ndani ya kifungo hicho sauti ya Mvita ikasikika zaidi. Tena mtahini hamjui mtoto wa Likoni wala wa Changamwe. Humsoma kwa Kiswahili sanifu.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu ni mdogo. Tusiifute "ndia". Tuandike "njia" kando yake, kisha tumweleze mwanafunzi: hii ni ya insha na mtihani, ile ni ya nyumbani na ya ushairi wa kwenu, na zote mbili ni mali yako. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili.

Wahenga walituusia tumkunje samaki angali mbichi. Hawakutuambia tumvunje.