Nilitaka Kuuza Mahindi Ninunue Belo, Daftari Likanizuia

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hii ni ndefu kidogo. Chukua chai, tukae.

Mwezi wa sita mwaka jana tulivuna gunia 14 za mahindi hapa Ihanda. Mimi nauza viatu vya mtumba kwa simu: stetasi ya WhatsApp, pamoja na magrupu mawili ya Facebook ya watu wa Vwawa na Tunduma. Mzigo nafuata Tunduma, nachagua pea mojamoja, pea 20 au 30 kwa safari. Biashara ilikuwa imekwama. Watu wanauliza, wanapotea. Nikajiambia tatizo ni mtaji: ningekuwa na belo zima, kila namba na kila rangi ingekuwepo, na hakuna ambaye angeondoka.

Baba watoto alikubali tuuze gunia nane, hela ya belo ipatikane. Mama mkwe, ambaye huwa haongei sana, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, mahindi mnauza Julai. Februari mtakuja kununua kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba wiki nne za kufikiria, na ukweli nilizitaka ili yeye asahau.

Katika wiki hizo nikakutana na habari ya utafiti mmoja uliofanyika magharibi mwa Kenya. Waliufanya wachumi watatu, Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, na ukachapishwa mwaka 2014. Unajua walichunguza nini? Chenji. Ndiyo, chenji hii hii. Mteja anakuja na noti kubwa, muuzaji hana chenji, mteja anaenda duka la pili. Au muuzaji anaacha biashara anazunguka kwa majirani kuitafuta, akirudi mteja wa pili na wa tatu wameshaondoka. Wakapiga hesabu: kwa wastani biashara ndogo ilikuwa inapoteza kama asilimia 5 hadi 8 ya faida yake yote kwa sababu ya chenji tu.

Weka kwenye biashara yako. Kama faida yako ni shilingi 200,000 kwa mwezi, hiyo ni kati ya 10,000 na 16,000 inayoondoka kila mwezi. Kwa mwaka inafika 120,000 mpaka 192,000. Kwa ajili ya sarafu ambazo ungeweza kutenga asubuhi!

Lakini kilichonikaa kichwani ni walichofanya baadaye. Hawakuwapa wafanyabiashara mkopo. Kundi moja walikuwa wanalipitia kila wiki na kuliuliza maswali: wiki hii umekosa chenji mara ngapi, umepoteza wateja wangapi? Basi. Kundi jingine wakaambiwa waziwazi kiasi wanachopoteza. Makundi yote mawili yakaanza kutunza chenji vizuri zaidi, na mauzo yaliyokuwa yanapotea yakapungua. Maana yake watu wale hawakuwa wajinga, na kutunza chenji hakukuwa na gharama kubwa. Hawakuwa wameliangalia tu. Mteja aliyeondoka haachi risiti.

Hapo nikajiuliza, mimi nauza mtandaoni na wengi wananilipa kwa simu. Chenji yangu mimi ni ipi?

Nikachukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, nikaandika juu: WALIOTUKIMBIA. Kila anayeuliza kiatu na asinunue, namwandika na sababu. Wiki nne. Nakwambia ukweli, wiki ya kwanza niliona aibu hata kuifungua ile kurasa.

Watu 61 waliuliza. Walionunua 19. Waliokimbia 42. Nikitegemea wengi wao watakuwa wamekosa namba yao au rangi waliyotaka, yaani tatizo la mtaji. Waliokosa namba au rangi walikuwa 7. Saba! Sita waliona bei kubwa. Wanne walinyamaza tu, mpaka leo sijui kwa nini. Kumi na moja tulikwama kwenye nauli ya mzigo na "ya kutolea": mtu ameshakubali bei, mimi namwambia ongeza ya kutolea, ongeza ya kutuma, hesabu inabadilika mara tatu, anakasirika. Na 14 niliwajibu nimechelewa. Unajibu baada ya saa tatu au nne, anakwambia "nimeshapata dada, asante." Ile asante inauma kuliko tusi.

Kwa hiyo belo lingenisaidia kwa watu 7 kati ya 42. Wale 25 wa nauli na wa kuchelewa ningewapoteza vilevile, nikiwa na stoo imejaa na mahindi hayapo.

Kuhusu kuchelewa nina la kusema, na akina mama mtanielewa. Kuna utafiti mwingine uliofanyika Dar es Salaam kwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo, waliuandika Berge, Bjorvatn na Tungodden, ukatoka mwaka 2015. Walilinganisha mafunzo ya biashara na ruzuku ya fedha. Mafunzo yaliwasaidia wanaume waziwazi, ila kwa wanawake matokeo yalikuwa hafifu. Waandishi wenyewe wakasema wanawake wanahitaji hatua pana zaidi ya hizo. Mimi nikiangalia daftari langu naona hatua mojawapo: wale 14 karibu wote waliuliza kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Muda huo nipo shambani au jikoni, simu ipo ndani inachaji. Hata ungenifundisha masoko mwaka mzima, ugali hauwezi kujipika.

Nilichofanya ni kitu kidogo. WhatsApp Business ina sehemu ya ujumbe wa kujibu wenyewe. Nikaandika: "Karibu. Bei zote zipo kwenye picha. Kutuma Vwawa ni kiasi hiki, Tunduma kiasi hiki, Mbeya kiasi hiki. Kuanzia saa nane mchana nipo hewani, niandikie namba ya mguu nikutunzie." Viwango vya nauli nilienda kuwauliza bodaboda na watu wa Coaster mara moja, nikaviandika. Nilikuwa sijawahi kukaa nikavipanga, kila mteja nilikuwa namkadiria upya.

Sasa, "bei zote zipo kwenye picha" ndipo nilipogombana na wenzangu. Sisi wote tumezoea "bei njoo inboksi". Rafiki yangu anayeuza vitenge Tunduma aliniambia ukiweka bei unawafukuza watu, akija inboksi unaweza kuongea naye ukamshawishi. Ana hoja. Nitajuaje nani yuko sahihi?

Njia rahisi ni kuweka bei mwezi wa saba halafu nilinganishe na mwezi wa sita. Lakini kwetu Mbozi mwezi wa saba watu wana hela, mahindi yameuzwa na kahawa inavunwa. Mauzo yakipanda, utasema ni bei kumbe ni msimu. Watafiti wanakwepa mtego huu kwa kupiga kura: nani apate msaada na nani asubiri inaamuliwa kwa bahati, ili makundi mawili yafanane kwa kila kitu kingine. Michael Kremer alifanya hivyo kwenye shule za magharibi mwa Kenya tangu miaka ya 1990, na mwaka 2019 yeye, Abhijit Banerjee na Esther Duflo wakapewa tuzo ya Nobel ya uchumi.

Mimi sina shule, nina sarafu ya shilingi 200. Julai yote, kila asubuhi nilirusha. Ikilala upande wa Karume, leo naposti na bei na nauli. Ikilala upande wa simba, leo "bei njoo inboksi".

Siku moja ilitoka simba, lakini nilikuwa na raba kali za kike zimeingia jana yake, nikashindwa kuvumilia, nikaweka bei. Ziliondoka pea tatu siku hiyo. Jioni nikataka kuihesabu kama ushindi wa upande wa bei. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini wenzetu wanaacha kura iamue: ukijichagulia mwenyewe, siku zako nzuri utazipeleka upande unaoupenda. Siku ile nimeitoa kwenye hesabu.

Zikabaki siku 30. Siku 16 za Karume: waliuliza watu 38, wakanunua 17. Siku 14 za simba: waliuliza 47, wakanunua 9. Kwa hiyo rafiki yangu hakukosea kabisa, ukificha bei watu wengi zaidi wanakuja kuuliza. Inboksi inajaa, unajiona una biashara. Ila kununua, siku za bei zilishinda, zaidi ya pea moja kwa siku, wakati siku za simba pea moja haikufika. Na nilijibu meseji chache zaidi, kitu ambacho kwa mtu mwenye sufuria jikoni ni faida pia.

Usichukue namba zangu ukazifanya sheria. Siku 30, muuzaji mmoja, viatu tu. Vitenge vinaweza kuwa tofauti, maana kuna mteja wa upande wa Nakonde anayehesabu kwa kwacha na anapenda kupatana. Rusha shilingi yako mwenyewe.

Turudi kwa mama mkwe na mahindi yake. Baada ya lile daftari la Juni sikuwa tena na sababu ya kuuza gunia nane. Tukauza tatu, za deni la mbolea na sare za shule, 11 zikabaki ndani kwenye mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi asiingie. Na swali lake nalo lina utafiti wake. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walishirikiana na One Acre Fund huko huko magharibi mwa Kenya, wakawapa wakulima mkopo mdogo wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza mahindi bei ikiwa chini. Wengine wakaweka mahindi ndani na kuuza baadaye. Faida juu ya fedha iliyowekwa ikafika asilimia 29. Ulichapishwa mwaka 2019, na wala haukuanza kwa kumlaumu mkulima. Anayeuza Julai mara nyingi anajua fika bei itapanda, ila ada haisubiri Februari.

Ila kuna kipande ambacho watu wakisimulia utafiti huu wanakiruka. Kwenye maeneo ambayo wakulima wengi walipata mkopo, wengi waliweka mahindi, kwa hiyo bei ya mavuno haikushuka sana na ya baadaye haikupanda sana. Faida ya aliyekopa ikapungua, ila hata jirani ambaye hakukopa akanufaika na bei iliyotulia. Kwa serikali hiyo ni habari muhimu, mradi unaweza kuonekana umefeli kwa aliyepewa kumbe umesaidia soko zima. Kwangu mimi maana yake ni kwamba kuweka mahindi si hela ya uhakika. Ihanda yote ikiweka, au mpaka wa Tunduma ukifungwa kwa mahindi, hesabu inageuka.

Januari tuliuza tano. Bei ilikuwa nzuri kuliko ya Julai, nikaongeza pea kwenye mzigo. Sita zikabaki za kula, na mama mkwe hajasema neno, anazihesabu tu kila akipita mlangoni.

Belo bado sijanunua. Daftari linaendelea, wale wa kukosa namba wameanza kuongezeka, wakifika nusu ya waliotukimbia nitarudi kwenye hoja ya belo. Kwa sasa kinachonisumbua ni ya kutolea. Kuanzia Jumatatu narusha shilingi tena: Karume, bei ina kila kitu ndani, mteja halipi ya kutolea wala nauli, simba, naandika bei ya kiatu, na nauli na ya kutolea pembeni. Nikimaliza mwezi nitaziweka hesabu hapa. Kama na wewe unarusha, andika chini unauza nini na uko wapi, tulinganishe.