Tabia njema hufundishwa: mazoea ya afya kwa wanafunzi wa shule za msingi mkoani Simiyu

Mtoto anapoanza shule mjini Bariadi, au katika vijiji vya Itilima, Maswa, Meatu na Busega, hukutana na mambo mengi kwa wakati mmoja: choo cha pamoja, foleni ya maji, kengele, na masomo ya Kiswahili ilhali nyumbani wengi huzungumza Kisukuma. Akikosea, huambiwa "uwe na adabu" au "uwe msafi". Maneno hayo humwamuru bila kumwonyesha la kufanya. Mara nyingi mtoto anayedhaniwa kuwa mkaidi hajaelekezwa tu.

Tabia njema hufundishwa kama kusoma na kuhesabu. Tuchukue mfano wa kunawa mikono. Kwanza, mwalimu hueleza jambo moja kwa ufupi: "Tukitoka chooni, tunanawa kwa sabuni." Pili, huonyesha kila hatua kwenye kibuyu chirizi: kulowesha mikono, kupaka sabuni, kusugua viganja, kucha na katikati ya vidole kwa sekunde 20, kisha kusuuza. Tatu, watoto hufanya pamoja naye, halafu mmoja mmoja. Nne, husifu kwa kutaja tendo lenyewe: "Umesugua hadi kwenye kucha, vizuri." Zoezi hurudiwa kila siku, na hufundishwa upya baada ya likizo. Anayesahau huelekezwa tena. Kiboko humfunza kujificha, hakimfunzi kunawa.

Kunawa hupunguza kuhara na minyoo ya tumbo. Hata hivyo, hakuzuii kichocho, ambacho bado kinawasumbua watoto wa Simiyu, kwa kuwa vimelea vyake hupenya ngozi mtoto anapooga lamboni au dimbwini. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyomo mwilini, lakini haimkingi asiambukizwe tena. Kwa hiyo kutumia choo, na kutokojoa majini wala kando ya maji, nako kufundishwe kwa hatua hizohizo.

Mhudumu wa afya anapotembelea shule, aangalie kwanza kama maji, sabuni na vyoo vipo, kwa maana zoezi lisilo na vifaa halizoeleki. Mzazi aendeleze utaratibu huohuo nyumbani, kwa Kisukuma ikibidi. Mtoto asiyeshika maelekezo hata baada ya kufundishwa mara nyingi apimwe masikio, macho na ukuaji wake. Anayekojoa damu apelekwe kituo cha afya mapema, bila kuaibishwa.