Mahandaki ya maji yanavyohifadhi ngome za kale za Münsterland

WATALII wengi waendao Ujerumani kutazama majengo ya kale huelekea kusini, kwenye kasri la Neuschwanstein lililosimama juu ya mwamba katika jimbo la Bavaria, au kwenye ngome za vilimani kando ya Mto Rhine. Kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, hata hivyo, kuna eneo tambarare liitwalo Münsterland ambako mambo ni kinyume. Huko ngome hazikuwekwa juu ya mlima. Zimekaa bondeni, katikati ya maji.

Münsterland imo katika jimbo la North Rhine-Westphalia. Inauzunguka mji wa Münster na kupakana na Uholanzi upande wa magharibi. Ni nchi ya mashamba, malisho na misitu midogo, na ndani yake zimetawanyika ngome na makasri mengi kiasi kwamba njia maalumu ya baiskeli inayoyaunganisha imepewa jina la Njia ya Makasri 100. Njia hiyo ina urefu wa takriban kilomita 960, nayo imegawanywa katika mizunguko minne: wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi.

Sababu ya ngome hizo kujengwa majini ni umbile la ardhi yenyewe. Katika Zama za Kati, bwana aliyetaka kujikinga na maadui alitafuta mahali pa juu. Münsterland haina mahali pa namna hiyo pa kutosha; hata vilima vya Baumberge, magharibi mwa mji wa Münster, havifiki mita 200. Badala yake eneo hilo lina vijito vingi na ardhi ambayo maji yake hayako mbali na uso wa udongo. Aliyechimba hakukawia kukuta maji.

Kwa hiyo wajenzi walifanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja. Walichimba handaki pana kuzunguka kiwanja, na udongo uliotoka humo wakaurundika katikati hadi kikapatikana kisiwa. Handaki likajazwa maji ya kijito, na mlango ukawa mmoja tu, kupitia daraja la kuinuliwa. Wenyeji huliita handaki hilo Gräfte. Wakulima wenye uwezo nao waliiga mtindo huo, na hadi leo zipo nyumba za mashambani zilizozungukwa na maji.

Aghalabu visiwa vilikuwa viwili. Cha kwanza, kilichokutana na mgeni kwanza, kilikuwa na mazizi, maghala na makazi ya watumishi. Cha pili, kilichounganishwa na cha kwanza kwa daraja jingine, kilikuwa na jengo la bwana mwenyewe. Adui aliyefaulu kuteka kisiwa cha kwanza alikuta bado ana maji mbele yake. Wakati wa amani maji hayo yalifuga samaki na kuzungusha mitambo ya kusaga nafaka.

Ulinzi huo ulikuwa na udhaifu wake. Katika majira ya baridi kali maji yaliganda, na adui angeweza kuvuka kwa miguu juu ya barafu. Hivyo barafu ilibidi ivunjwe mara kwa mara ili handaki libaki handaki.

Udongo laini wa kisiwa nao haukuweza kubeba kuta nzito za mawe. Mafundi walipigilia ardhini magogo ya mwaloni, kisha wakajenga juu yake. Mbao zikiachwa hewani kwenye unyevunyevu huoza. Lakini zikizama kabisa majini hukosa hewa ambayo kuvu wanaoziozesha huihitaji, na huweza kudumu kwa karne nyingi. Maana yake ni kwamba maji yaliyomzuia adui nje ndiyo pia yaliyoshika nyumba kutoka chini. Jambo hili litarejewa, kwa kuwa ndilo lenye kuamua mustakabali wa majengo haya.

Mfano ulio wazi zaidi wa ngome ya kale ni Burg Vischering, katika mji mdogo wa Lüdinghausen, kusini-magharibi mwa Münster. Ilijengwa mwaka 1271 kwa amri ya Askofu wa Münster, Gerhard von der Mark. Maaskofu wa wakati huo walikuwa watawala wenye ardhi na askari, na askofu huyo alitaka kuwadhibiti mabwana wa Lüdinghausen waliokuwa wakishindana naye. Jengo kuu lina umbo la duara, na kuta zake za nje zinainuka moja kwa moja kutoka majini. Moto uliiunguza mwaka 1521, ikajengwa upya juu ya misingi ileile. Leo ngome hiyo ni makumbusho na kituo cha utamaduni.

Kijerumani hutofautisha majengo haya kwa majina. Burg ni ngome, yaani nyumba ya kujihami; Schloss ni kasri, yaani nyumba ya kuonesha utajiri na cheo. Kati ya majina hayo mawili kuna historia ya silaha. Mizinga ya baruti ilipoenea, handaki la maji halikuweza tena kuzuia risasi iliyorushwa kutoka mbali. Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza mwaka 1618 na kumalizwa mwaka 1648 kwa mikataba ya amani iliyotiwa saini Münster na mji jirani wa Osnabrück, viliacha eneo hilo likiwa limechoka. Waliojenga baada ya hapo hawakujenga tena kwa ajili ya vita.

Hata hivyo hawakuyaacha maji. Kasri la Nordkirchen, kilomita chache tu kutoka Vischering, lilianza kujengwa mwaka 1703 kwa ajili ya Askofu Mtawala Friedrich Christian von Plettenberg na kukamilika mwaka 1734, baada ya kifo chake. Limekaa juu ya kisiwa cha pembe nne, lakini handaki lake halikukusudiwa kumzuia yeyote. Kazi yake ilikuwa kuakisi fahari ya jengo kama kioo. Watu hulilinganisha na Versailles ya Ufaransa na kuliita Versailles ya Westphalia. Miongoni mwa wasanifu wake alikuwa Johann Conrad Schlaun, ambaye baadaye alisanifu pia kasri la mjini Münster ambalo leo ni jengo kuu la chuo kikuu.

Matumizi ya sasa ya Nordkirchen huwashangaza wageni. Ndani ya kumbi hizo zenye nakshi kuna chuo cha serikali ya jimbo kinachofunza maofisa wa kodi. Mtalii anayetembea bustanini hupishana na vijana wenye vitabu vya sheria za mapato.

Hilo laeleza swali ambalo kila mgeni hujiuliza: nani huyatunza majengo haya? Majibu ni mengi kama majengo yenyewe. Nordkirchen ni mali ya jimbo. Ngome ya Gemen, katika mji wa Borken, imekuwa kituo cha vijana cha Kanisa Katoliki tangu mwaka 1946. Ngome ya Anholt, karibu na mpaka wa Uholanzi, iliharibiwa vibaya mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ikakarabatiwa, na ingali mikononi mwa familia ya Salm-Salm. Sehemu yake ni hoteli, na sehemu nyingine ni makumbusho yenye mchoro wa Rembrandt.

Burg Hülshoff, magharibi mwa Münster, ina heshima ya pekee. Humo ndimo alimozaliwa mshairi Annette von Droste-Hülshoff mwaka 1797. Wajerumani wengi wa makamo wanaikumbuka sura yake kwa kuiona mifukoni mwao, kwa kuwa ilichapwa kwenye noti ya Mark 20 kabla ya fedha za euro kuanza kutumika mwaka 2002. Leo ngome hiyo inasimamiwa na taasisi yenye jina lake.

Njia bora ya kuyaona haya yote si gari. Makasri hayako kando ya barabara kuu. Yamejificha nyuma ya miti na mashamba, na mengi huyafikii ila kwa vijia vyembamba ambavyo wenyeji huviita Pättkes. Aendeshaye gari huona jengo moja, akalipita la pili bila kujua. Apandaye baiskeli hulikuta handaki kabla hajaliona kasri, na huelewa kwa macho yake jinsi nchi tambarare ilivyowalazimisha watu kutafuta kinga majini.

Mji wa Münster ndio mahali pafaapo kuanzia. Wakazi wake wanazipenda baiskeli kiasi cha kuzipa jina lao wenyewe, Leeze. Katika kituo kikuu cha treni kuna maegesho ya ndani yenye nafasi za baiskeli zaidi ya 3,000, ambako pia mgeni huweza kukodi. Mji wa kale umezungukwa na njia ya miti yenye urefu wa kilomita 4.5, iliyotengenezwa mahali palipokuwa na kuta za ulinzi, na magari hayaruhusiwi humo. Nje ya mji, vibao vyenye maandishi mekundu juu ya rangi nyeupe huonesha mwelekeo na umbali. Kwa kuwa hakuna milima, hata asiye mwanamichezo humudu kilomita 30 kwa siku.

Asiyependa baiskeli ana nafasi pia. Kutoka Vischering hadi ngome ya pili ya Lüdinghausen ni mwendo mfupi wa miguu. Vilevile kuna njia ya takriban kilomita 7 inayounganisha Burg Hülshoff na Haus Rüschhaus, nyumba ambayo mshairi huyo alihamia mwaka 1826 baada ya kufiwa na baba yake. Yeye mwenyewe aliutembea mwendo huo mara nyingi.

Mgeni anapaswa kukumbuka kwamba baadhi ya makasri ni makazi ya watu. Mengine huruhusu kutazamwa kutoka ng'ambo ya handaki tu, na ya makumbusho mengi hupunguza saa zake wakati wa baridi. Ni busara kuuliza kabla ya safari, na kutovuka daraja lisilo na kibao cha kukaribisha.

Linabaki suala la maji. Mwaka 2018 Ujerumani ilipata kiangazi kikavu kisicho cha kawaida, na ukame ukarudi katika miaka iliyofuata, ukiwamo mwaka 2022. Maji ya ardhini yakishuka, handaki hupungua. Handaki likipungua, vichwa vya magogo ya mwaloni hukutana na hewa. Kuoza huanzia hapo. Ufa wa kwanza ukionekana ukutani, mti ulio chini huenda umekwisha kudhoofika kwa miaka mingi.

Kwa sababu hiyo utunzaji wa ngome hizi hauishii kwenye paa na madirisha. Mahandaki huhitaji kuzolewa tope, milango ya maji kurekebishwa, na vijito vinavyoyalisha kuachwa vitiririke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Kwa Münsterland, ufa wa kuzibwa kwanza umo chini ya maji, mahali ambapo mtalii aliyesimama darajani na baiskeli yake haoni kitu ila kivuli cha kasri kikitikisika polepole.