Udaktari kwa Aliyesoma Historia

Wako vijana wetu wa Kirumba waliohitimu kidato cha 6 kwa Historia, Kiswahili na Kiingereza, nao watamani kusomea udaktari kule kilimani Bugando. Si ajabu, Ibn Rushd alikuwa kadhi na tabibu pia. Marekani mwenye shahada ya historia hupokewa, maadamu amesoma na sayansi. Kwetu, chuo chataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha 6. Lakini wazazi, msikidharau cheti cha kidato cha 4! Aliyefaulu humo masomo hayo matatu aweza kuomba stashahada ya utabibu, miaka 3, kisha kwa alama njema akaomba udaktari. Aliyeiacha Fizikia tangu kidato cha 3, yampasa kwanza aifanyie mtihani, akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.