Ukitafuta Mababu Matemwe, Usianze na Jina la Tatu

Kijana wa Kizanzibari aliyezaliwa Toronto akitaka kumjua babu yake wa kijiji cha Matemwe, Unguja, huanza na kile ambacho pasipoti yake inakiita jina la ukoo. Hapo hapo ndipo anapopotea.

Jina la tatu kwetu ni la babu. Chukua mfano wa Ali Juma Khamis: ni Ali, mtoto wa Juma, mtoto wa Khamis. Mwanawe Said ataitwa Said Ali Juma. Wakihamia Kanada, fomu za uhamiaji zitamfanya baba kuwa wa ukoo wa Khamis na mwana wa ukoo wa Juma, na hali wanakula sahani moja. Wajukuu watakaozaliwa huko watabaki na Juma kizazi hata kizazi, kumbe Juma alikuwa mtu mmoja tu, pengine aliyezaliwa siku ya Ijumaa.

Tena majina hurudi. Mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi hupewa jina la baba wa baba yake. Makame humzaa Haji, Haji humwita mwanawe Makame, naye Makame huyo humwita wake Haji. Karne nzima huenda kwa majina mawili, na ukikuta "Haji Makame" katika karatasi mbili zilizopishana miaka 50, huenda ni babu na mjukuu.

Wafaransa waliohamia Quebec karne ya 17 nao wamewasumbua wajukuu zao. Baadhi yao, hasa askari wa kikosi cha Carignan-Salières kilichofika mwaka 1665, walikuwa na lakabu za kijeshi zilizogeuka majina ya familia, hata ndugu wawili wakaacha majina mbalimbali. Lakini wao walikuwa na padri aliyeandika kila ubatizo, ndoa na maziko, na bibi harusi akaandikwa kwa jina la baba yake. Mwanamke wa Matemwe pia hubaki na jina la baba yake hata akiolewa mara tatu. Daftari la padri ndilo tusilokuwa nalo.

Tulicho nacho ni hati ya mirathi, na kwa maoni yangu hakuna karatasi inayoipita. Kadhi hawezi kugawa mali ya maiti mpaka ajue warithi wote. Mtu akifa akaacha mke na binti mmoja tu, mke hupata thumni, binti nusu, na thumni tatu zilizobaki huenda kwa ndugu wa kiume, au wana wao wa kiume, au binamu wa kiume wa upande wa baba. Hati moja kama hiyo hukufungulia matawi ambayo familia yenyewe imeshayasahau. Zilizohifadhiwa zitafute Nyaraka za Taifa, Kilimani, pamoja na hati za wakfu na za mauziano ya mashamba. Nenda na mtu anayesoma Kiarabu na Kiswahili cha herufi za Kiarabu.

Soma kwa uangalifu. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, wapo walioachwa huru ambao hati ziliwataja kwa jina la bwana wao wa zamani mahali ambapo pangekaa jina la baba. Usimfanye bwana huyo babu yako. Kabila nalo lisikupotoshe: wengi waliojiandikisha Waswahili katika sensa ya 1924 walijiita Wahadimu, Watumbatu au Washirazi ilipofika ya 1931.

Hata hivyo mvuvi mwenye ngalawa na minazi michache hakwenda kortini. Mambo yake yaliishia kijijini. Huyo hupatikana kwa mahali. Matemwe ina Kigomani, Mbuyuni, Kijini na Mbuyu Tende, na kila upande una wazee wanaojua kiambo kipi kilikuwa cha watu gani, nani kazikwa wapi, na mnazi upi ulirithiwa na shangazi yupi.

Basi kabla ya kukata tiketi, mpigie simu bibi au shangazi mkubwa kuliko wote aliye hai. Muulize babu alizaliwa upande gani, watu walimwita kwa lakabu gani, na mama yake alikuwa binti wa nani. Ukimpelekea sheha wa upande huo hayo matatu, anaweza kukufikisha mlangoni. Ukimpelekea Juma peke yake, atakuuliza Juma yupi.