Anachokula tai mlasamaki, na mwanao anakila

MTOTO anayekulia Kamunyonge, Musoma, huenda akaijua sauti ya tai mlasamaki kabla hajalijua jina lake. Ni yule ndege mwenye kichwa na kifua cheupe, anayetua juu ya miti kando ya Ziwa Victoria, akarudisha kichwa nyuma na kupaza mlio unaosikika mbali.

Tai hawa huishi wawili wawili kwa miaka, na mara nyingi huitikiana. Mlio huo huwaonya tai wengine kuwa eneo lina wenyewe. Jike ndiye mkubwa, hufikia kilo 3.6, wakati dume huwa na kilo 2 hadi 2.5. Jike hutaga yai 1 hadi 3 katika kiota cha vijiti, na huatamiwa kwa takriban siku 42 hadi 45. Dume husaidia kuatamia na kutafuta chakula cha makinda.

Sehemu kubwa ya siku tai hutulia kwenye tawi akiyatazama maji. Samaki akikaribia juu, hushuka na kumnyakua kwa kucha. Akiwa mzito mno, humburuta majini hadi ufukweni. Pia hupokonya ndege wengine mawindo, na hula samaki waliokwisha kufa.

Hapo ndipo yeye na familia yako mnapokutana. Samaki aliyeuawa kwa sumu humdhuru tai, na humdhuru pia mtoto. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutokana na hofu ya uvuvi wa sumu ya kuulia wadudu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inapiga marufuku uvuvi huo.

Mzazi, zingatia haya:

• Usipike samaki aliyeokotwa akielea, hata akionekana mbichi. Kuchemsha au kukaanga si kinga dhidi ya sumu.

• Nunua kwa muuzaji unayemfahamu, na waonye watoto wasiokote samaki ufukweni.

• Baada ya kula, mtoto akitokwa na mate mengi, akitapika, akiharisha, akilegea, akipumua kwa shida au akipata degedege, mwahishe kituo cha afya. Usimlazimishe kutapika. Beba mabaki ya chakula.

Ukikuta samaki wengi wamekufa ufukweni, au tai amekufa karibu nao, msiguse. Toeni taarifa kwa ofisa uvuvi au serikali ya mtaa, na siku hiyo tafuteni kitoweo kingine.