Kuunganisha Orodha Mbili Kipengele kwa Kipengele: Mfano wa Wilaya na Halmashauri za Mkoa wa Dodoma

Makala haya yanafafanua namna orodha mbili zinavyounganishwa kipengele kwa kipengele katika lugha ya programu ya Python, na kubainisha hatari iliyomo katika utaratibu huo. Kipengele cha kwanza cha orodha moja hukutanishwa na cha kwanza cha orodha nyingine, cha pili na cha pili, na kuendelea. Amri itumikayo huitwa zip, kwa kuwa vipengele hushikana kimoja kwa kimoja mithili ya meno ya zipu ya nguo.

Amri hiyo huzingatia nafasi pekee, wala haitambui maana ya kinachounganishwa. Mkoa wa Dodoma unadhihirisha athari ya jambo hilo. Mkoa huu una wilaya 7: Bahi, Chamwino, Chemba, Dodoma, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Halmashauri zake ni 8, kwa sababu Kondoa ina Halmashauri ya Wilaya na Halmashauri ya Mji. Tuchukulie kwamba mtafiti ana orodha ya wilaya kwa mfuatano huo, na orodha ya idadi ya visima kwa kila halmashauri, kisha akaandika:

jozi = list(zip(wilaya, visima))

Jozi 4 za mwanzo zitakuwa sahihi. Ya tano itaipa Kondoa visima vya halmashauri yake moja tu. Ya sita itaipa Kongwa visima vya Mji wa Kondoa, na ya saba itaipa Mpwapwa visima vya Kongwa. Visima vya Mpwapwa vitaachwa nje, maana zip hukoma orodha fupi inapokwisha. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotolewa. Jedwali litaonekana kamili, na mapendekezo ya mahali pa kuchimba visima vipya yatajengwa juu yake.

Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, sharti la strict=True husimamisha programu endapo urefu wa orodha unatofautiana. Hata hivyo, orodha zenye urefu sawa na mfuatano tofauti hupita bila kizuizi.

Kwa hiyo, takwimu za maeneo ziunganishwe kwa jina au msimbo wa eneo, baada ya takwimu za halmashauri mbili za Kondoa kujumlishwa. Amri ya zip itumike pale tu ambapo orodha zote mbili zimetoka katika chanzo kimoja chenye mfuatano mmoja, na tasnifu ieleze jinsi ulinganifu huo ulivyothibitishwa.